Breki Iliyopona Yenyewe

Mzee aliyenisomesha fiqhi nikiwa kijana, ambaye mpaka leo ndiye ninayemwendea likinitatiza jambo la dini, aliniambia niwashe gari niende zangu. Tulikuwa barazani kwake Makorora, baada ya swala ya alasiri, nami nilikuwa nimemweleza habari ya breki. Nikiteremka kutoka Lushoto, chini kidogo ya Soni, nilikanyaga pedali ikaenda chini kuliko kawaida yake, laini, haina kitu. Nikakanyaga tena ikashika. Tangu hapo, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, mpaka naingia Tanga mjini, ilishika kila nilipoigusa. Fundi aliikagua kesho yake asubuhi, akaendesha hadi Raskazone na kurudi, akanirudishia funguo: breki nzima, Mwalimu, huna tatizo. Na Jumamosi ilikuwa nipande tena Lushoto na watu wa mtaani kwetu, kina mama na watoto wao, kwenye hitima.

"Mwanangu," mzee akasema, "si ulisoma hapahapa? Yakini haiondoki kwa shaka. Gari hili unalijua miaka, breki yake ni nzima kwa yakini. Ulichonacho sasa ni shaka. Usimfungulie shetani mlango."

Sikumjibu siku ile. Si adabu kumjibu mtu kama yule kabla hujalifikiri neno lake. Lakini nimelifikiri, na ninaamini mzee wangu alishika kanuni ya kweli, ila hapa kanuni hiyo inaamua kinyume cha alivyoamua yeye. Naliandika kwa sababu barabara zetu zimejaa watu wanaoendesha kwa hukumu hiyohiyo, wengi wao bila kujua kwamba wanafuata kanuni yoyote.

Na si kanuni ya kubeza. Jalaluddin Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, ameitaja miongoni mwa zile kanuni tano kubwa ambazo masuala ya fiqhi ya Kishafi hurejeshwa kwake. Mtu ametawadha, ana hakika na udhu wake. Katikati ya swala anahisi kama kimemtoka kitu. Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba asiikate swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Hii ni rehema, na thamani yake anaijua aliyewahi kumwona mtu anayeikosa. Bwenini nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa akirudia udhu mpaka jamaa wanatoa salamu, vidole vimesinyaa kwa maji, akirudi mstarini ameshaikosa jamaa, na macho yake bado yanauliza kama alifikisha maji kwenye kisigino. Kwa kijana yule, kanuni ya yakini ilikuwa dawa. Mzee alipoona nimekuja na habari ya breki iliyozama mara moja tu, alimwona kijana wa namna ile, na akanipa dawa ile.

Ila kanuni yenyewe, kabla haijaamua, inataka ujibu kwanza: katika jambo hili, yakini ni ipi na shaka ni ipi? Mzee aliianza yakini siku niliyonunua gari. Mimi naianza chini ya Soni. Pale pedali ilizama, na mguu uliokuwa juu yake ni wangu. Hilo sikulidhani, nililikanyaga. Lililofuata, kwamba imepona, ndilo la kudhania. Imeponywa na nani? Kwa spana ipi? Nini kimebadilishwa, nini kimekazwa? Fundi hakugusa kitu, na hakuna kitu cha chuma na mpira kilichochakaa kikajirudishia upya wake njiani kati ya Soni na Mombo. Kwa hiyo ukiipanga kanuni sawasawa, yakini ni ule ubovu na shaka ni uzima. Hata mtoto wa madrasa analijua hili kwa upande wa pili wa mlango: mwenye hakika kwamba udhu wake umetenguka, kisha akashuku kama alitawadha tena au la, hana udhu. Haruhusiwi kuswali kwa shaka yake. Breki yangu ilikuwa na hukumu hiyo.

Nafundisha fizikia sekondari, na somo la kanieneo katika vimiminika huwa nalifundisha kwa breki ya gari, kwa kuwa kila mwanafunzi ameipanda hata kama hajawahi kuiona. Mafuta ya breki hayabanwi. Ukiyasukuma upande huu ndani ya bomba lililofungwa, yanasukuma upande ule kwa kanieneo ileile. Kwa hiyo pedali ikizama, orodha ya sababu si ndefu. Ama kanieneo imepata pa kutorokea, ama ndani ya mafuta mna kitu kinachobanwa, yaani upepo au mvuke, ama pedi za breki zimerudi nyuma mbali na diski zake na pedali inakula safari yake kuzifuata.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, na inaingia kwa mlango wa Imamu Ghazali. Mwishoni mwa karne ya 11, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alisema kwamba kati ya moto na kuungua kwa pamba hamna kifungo cha lazima. Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba kuungua pale moto unapogusa, nasi tumezoea kuviona pamoja. Nimewasikia watu wanaoichukua fikra hiyo wakatoka nayo uvivu: ikiwa kila kitu ni Mungu moja kwa moja, fundi wa nini? Mimi naisoma kinyume kabisa. Ikiwa kushika kwa breki ni desturi aliyoiweka Mola, desturi hiyo haina kigeugeu, na haifai kumdhania Mola kigeugeu. Breki yangu haikuwa inashika leo na kuacha kesho kwa kubahatisha. Kulikuwa na sharti. Sharti likiwepo, inazama kila mara. Lisipokuwepo, inashika kila mara. Kinachokuja na kuondoka ni lile sharti. Hilo neno "mara moja moja" ambalo madereva wote tunalitumia kwa fundi linaeleza hali ya ujuzi wetu. Gari lenyewe liko vilevile. Kwa hiyo kumsaka mkosaji kulikuwa kwangu jambo la imani hasa: naamini kwamba kuna sababu, kwa kuwa naamini kwamba ulimwengu una Mwenye kuupanga.

Msako niliuanza nyuma ya nyumba, kwenye uwanja ulio sawa, mawe chini ya magurudumu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa joto. Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na kuteremka kwake ni karibu mita 1,000. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, nasi Tanga tunaishi ndani ya unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedali inazama. Yakipoa, kila kitu kinarudi na fundi haoni jambo. Ilikuwa hadithi nzuri, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini mkanyago wangu wa pili ulishika palepale, na diski zikiwa bado za moto iliendelea kushika kona baada ya kona mpaka Mombo. Mvuke haupotei kwa sekunde moja ukaacha kurudi huku moto ungalipo. Nikamwachia mshukiwa yule, ingawa mafuta niliamua kuyabadilisha kwa vyovyote.

Beringi nazo zilipita haraka. Beringi iliyolegea huliyumbisha gurudumu, diski ikasukuma pedi nyuma, na mkanyago wa kwanza ukaenda chini. Nikapiga jeki gurudumu moja moja, nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Hakuna lililocheza. Nikaangalia ndani ya kila gurudumu, mipira ya breki, mabomba, nyuma ya masta, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali, pale inapokutana na busta, na chini ya zulia miguuni mwa dereva. Kukavu kote. Kopo la mafuta lilikuwa kwenye alama yake ileile. Kanieneo ilikuwa inatoroka, na haikuwa inatorokea nje.

Basi nikaacha kulikagua gari nikaikagua kumbukumbu. Pale Soni nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nyuma ya lori la mboga linalojikokota, mguu umelala juu ya pedali kwa wepesi, muda mrefu, nikilizuia gari tu lisilisogelee. Nilipojaribu breki nyumbani, na fundi alipoijaribu, sote tulikanyaga kama watu wanaojaribu breki: kwa nguvu, kwa ghafla.

Nikavua viatu. Nikawasha injini, nikaiacha ingurume taratibu, nikaweka unyayo mtupu juu ya pedali. Binti yangu alichuchumaa mlangoni na rula ya shule na tochi ya simu, rula imesimama kwenye sakafu ubavuni mwa pedali. Nikabonyeza mpaka nikahisi ukinzani, nikakoma hapo, bila kuongeza wala kupunguza. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha nikahisi chini ya kidole gumba kitu kama usingizi, pedali inateremka bila mimi kuituma, polepole, bila kukwama, bila sauti. "Baba, inashuka," akasema. Nikamwambia asome. Akasoma, akasoma tena, namba zikipungua, mpaka pedali ikakaribia zulia. Nikaachia, nikakanyaga kwa nguvu: ngumu, juu, nzima kabisa. Nikarudia ule wepesi, ikashuka vilevile.

Ndani ya masta kuna mipira ya duara yenye midomo, nayo ndiyo inayoyasukuma mafuta. Ukikanyaga kwa nguvu, kanieneo yenyewe inaitanua midomo ile na kuibana kwenye ukuta wa silinda, hata ikiwa imechakaa inaziba. Ukikanyaga kwa wepesi haitanuki ya kutosha, na mafuta yanapenya pembeni mwake kurudi yalikotoka. Hayamwagiki popote. Kopo halipungui. Kwa hiyo sharti nililokuwa nikilitafuta lilikuwa upole wa mguu wangu.

Fundi hakuwa mwongo wala mzembe. Aliiuliza breki kama itashika akiikanyaga kwa nguvu, nayo ilimjibu kweli. Lakini swali lile halikuwa swali la kina mama watakaokaa nyuma yangu kwenye mteremko, gari likiwa nyuma ya lori kwa dakika kumi. Ukaguzi wa kweli ni ule unaomwuliza mshukiwa mahali penye udhaifu wake, na wengi wetu, tukiogopa jibu, tunamwuliza mahali penye nguvu zake.

Yupo Mwingereza mmoja, mwanahisabati, William Kingdon Clifford, ambaye mwaka 1877 aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anamleta mwenye meli kuukuu. Mtu huyu ana wasiwasi na meli yake, lakini anajiliwaza: imevuka bahari mara ngapi na imerudi, na Mungu hataacha kuzilinda familia zilizomo. Anaushinda wasiwasi wake, anaamini kwa moyo safi, meli inazama. Clifford anasema ana hatia ya roho zile, hata kama imani yake ilikuwa ya dhati, kwa sababu hakuipata kwa uchunguzi bali kwa kuinyamazisha shaka. Kisha anaongeza jambo ambalo ndilo linalonikaa: hata meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ileile. Mtu yule hakuwa akiongea ya vitabuni tu. Mwaka 1870 yeye mwenyewe aliponea chupuchupu chombo kilipovunjika karibu na Sicily. Nasi wa pwani hatuna haja ya kupelekwa mbali kulielewa hilo. Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, imepakia kupita kiasi, ilikuwa meli iliyozoewa kwenda na kurudi.

Clifford hakuwa rafiki wa dini, na katika insha yake anakataza kuamini chochote pasipo ushahidi wa kutosha, popote, kwa yeyote. Hapo naachana naye. Kijana wa bwenini angekufa kwa sheria hiyo. Tofauti naiona kwa nani anayebeba hatari. Nikiswali kwa udhu ambao kona moja ya nafsi yangu inaushuku, aliye mbele yangu ni Mwingi wa Rehema na atakayepata hasara ni mimi. Rehema ile nimepewa niitumie. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma kichwa kimeangukia paja la mamake hajaniambia kwamba yuko radhi. Siwezi kujifanyia wepesi kwa mali yake. Suyuti, katika zile kanuni tano, ameweka pia kwamba madhara huondolewa, na sioni kuwa zimewekwa pamoja kwa bahati.

Najua litakalosemwa: na kadari je? Nimekaa kwenye misiba mingi ya ajali za barabarani, na kila mara neno la kwanza ni kwamba breki zilikata, na la pili ni amri ya Mungu. La pili ni nguzo ya imani yangu, nalisema pia, na mwenye kufiwa ana haki ya kuliegemea. Ninachokataa ni kulisikia kwa mwenye funguo, asubuhi, kabla ya safari. Ghazali huyuhuyu wa moto na pamba, katika kitabu chake cha Ihya, mlango wa kutawakali, anazigawa sababu daraja tatu: za hakika, za dhana yenye nguvu, na za kuwazia tu. Kuziacha hizi za mwisho ni katika kutawakali. Kuziacha za hakika, anasema, ni ujinga na wazimu, kama mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono, akingoja ashibe. Mpira wa masta uko daraja la kwanza. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mwenye ngamia, amwache au amfunge, alimwamuru amfunge na atawakali, yote mawili.

Nilirudi kwa mzee baada ya masta mpya kufungwa, mafuta kubadilishwa na upepo kutolewa gurudumu kwa gurudumu. Ile kuukuu niliondoka nayo gereji, kwa sababu ingebaki pale ingesafishwa ikaingia gari la mtu mwingine asiyejua. Hitima tulikuwa tumeihudhuria kwa basi. Nikamweleza yote, na mguu mtupu, na rula.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kwanza nitajuaje kwamba sasa si waswasi, maana nimeshajifunza kushuku. Nikamwambia shaka ya kweli ina swali, na ikijibiwa inanyamaza. Waswasi unajibiwa na unauliza lilelile. Nimebonyeza ile breki kwa wepesi, imesimama palepale, nami naipanda kwa moyo mtulivu. Hilo alilikubali kwa kichwa.

Kisha akauliza lililo gumu. "Na usingeiona sababu? Umejaribu yote, kukavu kote, ngumu kila ukikanyaga. Ungefanyaje?"

Nikasema lisingebeba watu. Na nikitaka kuliuza, ningemwambia mnunuzi kwamba pedali ilizama siku moja na sababu sikuijua, kwa kuwa kasoro ya bidhaa husemwa hata kama huwezi kuionyesha.

"Wewe una mshahara," akasema. "Dereva wa daladala analala na hesabu ya tajiri kichwani. Pedali imezama mara moja saa nne asubuhi. Fundi kasema nzima. Akiliegesha, jioni hana hesabu, kesho gari kapewa mwingine, na huyo mwingine hata hajui kwamba pedali ilizama. Kwa shaka hiyo unamwambia nini?"

Nililifikiri hapohapo, na bado nalifikiri. Dereva yule lazima aseme; ushahidi wa mguu wake ni amana na hawezi kuufunika. Lakini akishasema, na tajiri akamjibu kwamba fundi amekagua, endesha, mzigo umehamia begani mwa aliyejibu. Ndiye mwenye meli wa Clifford. Mzee haoni hivyo. Kwake yeye, anayekanyaga na anayeamuru wanabeba sawa kwa sawa, kwa kuwa dereva angeweza kushuka, na riziki ina Mwenyewe. Tumelizungumza zaidi ya mara moja na hatujakutana. Mimi nashikilia kwamba tajiri anabeba kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kulisimamisha gari wiki nzima na watoto wake wakala.